Picha za wanyama porini zinatoka na ukungu, za nyumbani safi. Wajuzi wa kamera, shida iko wapi?

#1 MwanaMsamvu

Habari zenu wakuu.

Nina kamera ya DSLR ya kuanzia, niliichukua mtumba Kariakoo ikiwa na lenzi mbili: ile fupi ya milimita 18-55 na ndefu ya 75-300. Hapa nyumbani Morogoro napiga watoto, maua, kuku, vyote vinatoka safi, mpaka kope unahesabu.

Mwezi uliopita tulikwenda Mikumi na wenzangu wa kazini. Tumeona twiga, pundamilia, nyati, na simba jike wawili wamelala chini ya mti upande wa bonde la Mkata. Nilipofungua picha kwenye kompyuta, karibu zote zina ukungu. Si giza, si mwanga kuzidi, ila hazijakaza. Manyoya ya simba hayaonekani, unaona rangi tu.

Taarifa za picha ya simba: lenzi kwenye 300, kasi ya shata 1/250 ya sekunde, tundu la lenzi f/5.6, ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) 200, saa sita na nusu mchana. Simba alikuwa umbali wa mita 80 hivi. Nimeambatisha tatu: simba, pundamilia na twiga.

Ofisini wananiambia ninunue lenzi kubwa. Hela hiyo kwangu ni akiba ya muda mrefu, kwa hiyo kabla sijaianza nataka nijue tatizo lenyewe. Sifanyi biashara. Napenda wanyama na nataka nijifunze hii kitu ipasavyo.

#2 FundiShata

Mkuu, jibu liko kwenye namba zako. Kanuni ya siku zote: ukishika kamera kwa mkono, kasi ya shata isiwe chini ya moja kwa urefu wa lenzi. Lenzi 300, kasi 1/300. Lakini kamera yako ina sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachopokea picha), kwa hiyo unazidisha kwa 1.5 au 1.6 kutegemea kampuni. 300 mara 1.6 ni 480. Ulitakiwa uanzie 1/500, na hapo ni kwa mnyama aliyelala. Anayetembea weka 1/1000, ndege anayeruka 1/2000 kwenda juu. Wewe ulikuwa nusu ya kiwango cha chini kabisa.

Kilichokuponza ni hiyo ISO 200. Watu wanaogopa kuipandisha kwa sababu ya chenga, zile nukta nukta zinazochafua picha. Chenga zinapunguzika kwenye kompyuta, picha iliyotikisika haina dawa. Panda 800, hata 1600, na kasi itapanda.

#3 DerevaWaKaskazini

Heshima kwako Fundi, lakini soma muda. Saa sita na nusu mchana! Mimi nabeba wageni Arusha hadi Serengeti, na wapo wanaokuja na lenzi ndefu kama mkono wangu. Mchana huo huo, simba wa mbali, wanapata ukungu vilevile. Ni mazigazi. Ardhi imeshika moto, hewa ya chini inapanda inacheza, na lenzi ndefu inaikuza hiyo hewa pamoja na mnyama. Hakuna lenzi inayotibu hilo.

Kreta ya Ngorongoro ndiyo shule yake. Huruhusiwi kutoka barabarani, faru yuko kule mbali, mgeni anapiga picha mia halafu anakuta kitu cha kijivu kinachotetemeka. Nawaambia teremkeni nami alfajiri geti likifunguliwa, ikifika saa tatu na nusu muanze kutazama kwa macho tu.

#4 NdegeWaPugu

MwanaMsamvu, karibu sana kwenye fani.

Picha yako ya pundamilia naiona tofauti na hao wawili juu. Ikuze. Nyasi zilizo mbele yake zinaonekana jani kwa jani, ila pundamilia mwenyewe ana ukungu. Mkono ukitikisika, picha nzima inatikisika. Hapo fokasi imeshika nyasi. Ukiiachia kamera ichague yenyewe nukta za fokasi, mara nyingi inakimbilia kilicho karibu zaidi, na porini kilicho karibu ni nyasi au kijiti.

Chagua nukta moja, ya katikati, iweke kwenye jicho la mnyama. Jicho likikaza, mtazamaji anasamehe mengine. Mnyama akiwa anatembea hamia fokasi endelevu: kwa Canon inaitwa AI Servo, kwa Nikon AF-C.

#5 Kibobobo

Naweka kambi hapa. Nina kamera imelala kabatini tangu harusi ya dada.

#6 MzeeWaDarubini

Vijana, mmeruka hatua. Kamera ni ya mtumba. Mimi nipo Tanga, unyevu wa pwani naujua, na Dar ni hivyo hivyo. Vua lenzi ndefu, mulika tochi ya simu upande mmoja, tazama kwa upande wa pili. Ukiona nyuzi nyembamba zinatambaa ndani ya kioo, hiyo ni fangasi. Lenzi yenye fangasi inapoteza ukali polepole, rangi zinafifia, na ukipiga kitu chenye mwanga nyuma yake unapata utando mweupe.

Ikiwa safi, itunze. Chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, ndani weka vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Usiifungie kwenye begi la ngozi miezi na miezi.

Swali la pili: hizo picha safi za nyumbani unapiga na lenzi ipi?

#7 MwanaMsamvu

Shikamoo mzee. Swali lako limenigusa pabaya, nyumbani natumia ile fupi karibu muda wote. Ndefu niliitoa kwa ajili ya safari. Nimemulika tochi: vumbi lipo, nyuzi sijaona.

@FundiShata nimekuelewa kuhusu simba. Ila picha ya twiga inanichanganya. Nimesoma taarifa zake: 300, f/5.6, ISO 200, kasi 1/1600. Hiyo inapita kanuni yako zaidi ya mara tatu, na bado ina ukungu.

#8 FundiShata

Twiga alikuwa juani, simba kivulini, ndiyo maana kasi zimetofautiana. Jua kali la mchana kwa f/5.6 na ISO 200 linakupa 1/1600 hivi, na kivuli cha mti kinakushusha hadi 1/250 uliyopata. Kwa hiyo namba zako ni za kweli.

Kwa simba nabaki na neno langu, ni mtikisiko. Kwa twiga nasema ni lenzi. Lenzi nyingi za bei nafuu zenye zumu ndefu hulegea zikifika mwisho wa zumu na tundu likiwa wazi lote. Jaribu 200 hadi 250, na f/8. Unapoteza ukaribu kidogo, unapata ukali. Usikimbilie f/22 kwa kudhani kufunga zaidi ndiyo ukali zaidi, huko mwanga unapinda kwenye tundu dogo na picha inalegea tena.

#9 DerevaWaKaskazini

Twiga juani, saa ngapi? Ukinijibu saa saba sina la kuongeza.

#10 MwanaMsamvu

Saa saba kasoro, mkuu.

#11 DerevaWaKaskazini

Basi.

#12 FundiShata

Si "basi" hivyo kiongozi. Faru wako wa Ngorongoro yuko nusu kilomita au zaidi. Twiga anajaza picha kwenye lenzi ya 300, maana yake yuko karibu. Mita 50, 60. Hewa ya hapo katikati ni kidogo mno kuharibu picha nzima.

#13 DerevaWaKaskazini

Umesahau gari. Boneti limechemka, bati la juu limechemka, injini bado inanguruma. Mpiga picha ametoa lenzi juu ya paa, na hewa ya moto ya gari lake mwenyewe inapita mbele ya kioo. Hapo hata mnyama akiwa mita 20 utaona wimbi. Na gari la kiyoyozi ukishusha kioo ghafla, ubaridi na joto vinapigana dirishani penyewe.

Mwambie dereva azime injini. Kila mgeni wangu mwenye kamera namzimia bila kuombwa. Injini ikizima unaondoa mtetemo na unaondoa sehemu ya joto. Mtu akiinuka kiti cha nyuma, gari linayumba, mpiga picha anajiuliza kwa nini mkono wake leo haujatulia.

#14 MsituWaKarura

Salamu kutoka Nairobi ndugu zangu wa Bongo. Nimesoma yote na kuna kitu hamjauliza: picha ulizoziambatisha zimetoka moja kwa moja kwenye kamera, ama zimepitia WhatsApp kwanza? Majina ya faili yanaonyesha WhatsApp. Ile inaminya picha hadi maelezo madogo yanapotea, na manyoya huenda kwanza. Mkihukumu lenzi kwa picha ya WhatsApp mtakesha. Tuma kama faili la kawaida, ama hata faili la RAW (lile ghafi la kamera, lisilominywa) kama ulipiga RAW.

Pia angalia kama muuzaji alikufungia filta mbele ya lenzi. Kioo cha bei ya chini mbele ya lenzi ndefu kinaharibu fokasi na ukali. Toa, piga, linganisha.

#15 MwanaMsamvu

Kweli, nilizihamishia simu kupitia WhatsApp. Filta ipo, sikujua kama inatoka. Picha za asili nazipakia usiku.

#16 Kibobobo

Mpaka sasa washtakiwa ni: mkono, jua, nyasi, fangasi, lenzi, boneti, WhatsApp na filta. Twiga peke yake ndiye hajashtakiwa 😂

#17 MboniMbili

Mnamzungusha tu mleta uzi. Auze hiyo seti, achukue zile kamera za zumu iliyojengewa ndani. Nikon P900 ya 2015 inafika 2000mm kwa kipimo cha filamu ya 35mm, na P1000 ya 2018 inafika 3000. Mtaani zipo za mtumba. Huhangaiki na lenzi wala kubeba mzigo, na jicho la simba unalijaza kwenye kioo kutoka barabarani.

#18 NdegeWaPugu

Mboni, nimewahi kuitumia hiyo ya 2000 na ina uzuri wake kwa ndege aliyetulia juani. Lakini sensa yake ni ndogo sana, alfajiri na jioni inasumbua, na fokasi yake kwa kitu kinachokimbia ni ya taratibu. Halafu ukivuta mita 300 mchana unarudi palepale alipo Dereva: unakuza hewa.

Kwangu kifaa hakijawa swali bado. Swali ni unapiga mara ngapi. Mtu anakwenda hifadhini siku moja kwa mwaka, anakutana na simba, moyo unamwenda mbio, na siku hiyo hiyo ndiyo anajifunza nukta ya fokasi iko wapi! Vidole vinatakiwa vijue vibonyezo kabla ya hapo, gizani, bila kutazama.

Ndege ndio walimu. Wapo bure na hawana geti. Dar nenda ukingo wa bahari maji yakipwa, pale kwenye mikoko karibu na daraja la Selander, asubuhi: yangeyange, makorongo, ndege wa matope wenye midomo mirefu. Mlimani chuoni wamo mnana na tumbili. Pugu kwenye msitu ni pagumu zaidi lakini panakufundisha giza. Huko kwenu Morogoro una miguu ya Uluguru, mtu anakuonea wivu.

Anza na yangeyange. Ni mweupe, anatembea taratibu, anaruka bila haraka. Halafu hamia mbayuwayu, hapo utajua kama unajua.

#19 FundiShata

Naunga mkono, ila yangeyange atakufundisha jambo jingine: weupe. Kamera inataka kila kitu kiwe kijivu cha kati. Yangeyange akijaza fremu, itamfanya mchafu, ongeza mwanga. Akiwa kidogo juu ya matope meusi, atang'aa mpaka manyoya yafutike, punguza. Nyati ni kinyume: kamera inaona weusi, inaongeza mwanga, inashusha kasi ya shata bila wewe kujua, na mtikisiko unaingia.

#20 MwanaWaPete

Haya ya mwanga sisi wa msitu wa Jozani, Unguja, ndiyo maisha yetu. Kima punju wamezoea watu, wanakaa karibu, lenzi ndefu huihitaji. Lakini chini ya miti ni giza, na mwanga unapenya vipande vipande: uso uko kivulini, mgongo unaungua. Mgeni anaona kima yuko karibu, anadhani ni rahisi, anarudi na picha zilizotikisika. Hapo mazigazi hayapo, Dereva, na ukungu upo. Kwa hiyo mimi niko upande wa Fundi: kasi.

Subirini mawingu. Siku ya mawingu msituni ni siku ya neema, kivuli chote kinakuwa sawa.

Na mkija kwa gari, pale kijijini kwetu yapo matuta barabarani. Yamewekwa kwa ajili ya kima, walikuwa wakigongwa sana wakivuka. Punguzeni mwendo hata kama mnachelewa boti.

#21 Nkuba_Kabale

Nimefika kutoka Uganda. Kwa sokwe wa milimani wa Bwindi ni mambo ya MwanaWaPete mara mbili. Mwili mweusi, msitu mweusi, mvua. Fleshi hairuhusiwi, unakaa nao saa moja tu, na unatakiwa uache mita 10. Mtu anayekuja na f/5.6 anapanda ISO 3200, 6400, na anashukuru. Lenzi ya 70-200 inatosha kabisa. Anayekuja na 600 anapata tundu la pua.

#22 MboniMbili

Kwani mita 10 si walikuwa wanasema 7?

#23 Nkuba_Kabale

Zamani 7. Sasa 10, na barakoa juu, kwa sababu mafua yetu yanawaua.

#24 MsituWaKarura

@NdegeWaPugu umenena. Huku Nairobi kuna Karura na Arboretum, na Nature Kenya wana matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi kuanzia Makumbusho. Unatembea na watu wanaokwambia huyu ni nani, anakula nini, atatokea upande upi. Ukimjua ndege, unamsubiri mahali atakapokuja. Usipomjua unamkimbiza na unapata mkia. Na kwa asiye na nauli, makorongo wale wakubwa wenye vipara wako pale Nyayo Stadium juu ya miti wanakungoja.

#25 Kibobobo

Sisi Dar tuna kunguru wa Zanzibar. Nitaanza na kunguru.

#26 MwanaWaPete

Usitubebeshe, ndugu. Kunguru huyo ni wa India, aliletwa Unguja miaka ya 1890 na ndiko alikoanzia kusambaa pwani nzima. Nasi anatuudhi: anakula mayai na vifaranga vya ndege wetu wadogo.

#27 NdegeWaPugu

Kibobobo, piga kunguru. Sisemi kwa utani. Mweusi na kijivu, jicho jeusi ndani ya manyoya meusi. Ukiweza kutoa mng'ao wa jicho la kunguru asubuhi, nyati hatakusumbua.

#28 DerevaWaKaskazini

Niongeze la upande wangu, maana nyote mnazungumzia vibonyezo. Picha nzuri inaanza na gari limesimama wapi. Jua liwe mgongoni mwako au pembeni, mnyama awe anakuja, asiwe anaondoka. Simba anatembea barabarani? Usimfuate nyuma. Kadiria anakoelekea, zunguka kwa barabara iliyopo, simama, zima, ngoja. Atapita mbele yako.

Na masikio. Tumbili akianza kukoroma mtini na wenzake wote wanatazama upande mmoja, kuna chui. Swala wakisimama wima shingo zote zimeelekea kichaka kile, usitazame swala, tazama kichaka.

Kwa wanyama wa mbali teremsha lenzi. Watu wanapenda kupiga kutoka juu ya paa kwa sababu wanaona mbali, lakini mnyama anatoka kama ametazamwa kutoka ghorofani. Pigia dirishani, na chini ya lenzi weka mfuko wa kitambaa wenye mchele au maharage. Ule mfuko unameza mtikisiko kuliko stendi ya miguu mitatu, ambayo ndani ya gari haina pa kusimama. Safari ikiisha mnapika.

#29 FundiShata

Hapo kwenye mfuko tuko pamoja.

#30 TaraTazara

Wakuu, asiye na gari la hifadhi apande treni ya TAZARA kutoka Dar. Inakatiza Selous, nimeona twiga na tembo dirishani bila kulipa kiingilio. Kupiga picha kupitia dirisha la treni mnasemaje?

#31 MzeeWaDarubini

Kijana, sehemu hiyo sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ilimegwa kutoka Selous mwaka 2019. Kuhusu dirisha: shusha kioo kama kinashuka, mwili usiegemee ukuta wa behewa maana unatetemeka, kasi 1/2000. Vya karibu na reli vitapita kwa ukungu, vya mbali utavipata. Kichwa na mikono vibaki ndani.

#32 MsituWaKarura

Hata treni yetu ya Madaraka Express inapita Tsavo, ndovu wanaonekana. Lakini vioo havifunguki, kwa hivyo lenzi ibandike karibu kabisa na kioo na uizungushie sweta jeusi kuzuia mng'ao wa ndani.

#33 Lengai_88

Salaam. Naomba tuguse jambo moja kabla uzi haujaenda mbali. Simu, na baadhi ya kamera, huandika ndani ya faili mahali picha ilipopigwa. Kwa swala si tatizo. Kwa faru, au tembo mwenye pembe kubwa, unamwelekeza jangili kwa mkono wako. Zima huduma ya mahali kabla ya kuingia getini, na ukiandika maelezo taja hifadhi tu, usitaje mto wala kilima. Faru wetu ni wachache, yule bibi Fausta wa Serengeti aliyekufa na miaka 60 aliishi kwa sababu alilindwa.

#34 DerevaWaKaskazini

Asante kwa la mahali, ni kweli tupu. Ila Fausta alikuwa wa Ngorongoro, si Serengeti. Alikufa Desemba 2019 na mamlaka walisema ana miaka 57. Miaka ya mwisho macho yalikuwa yameharibika, fisi walimjeruhi, wakamweka kwenye uzio.

#35 Lengai_88

Umenisahihisha vyema.

#36 MboniMbili

Na kuwarushia ndizi nyani ili wasogee je? Nimeona watu wanafanya wapate picha ya karibu.

#37 NdegeWaPugu

Usifanye, tafadhali. Nyani aliyezoea ndizi kesho anampora mtoto mkononi, na keshokutwa anapigwa risasi kwa kosa la mpiga picha. Vilevile msiwapigie ndege sauti za wenzao kwenye simu wakati wa kutaga. Anaacha kiota kwenda kupigana na adui asiyekuwepo.

Mashindano makubwa yanakagua haya. Lile la Makumbusho ya Historia ya Asili ya London, linaloendeshwa tangu 1965, mwaka 2018 walimvua mshindi tuzo baada ya kubaini kwamba mla mchwa kwenye picha alikuwa mnyama aliyekaushwa. Picha ilikuwa ya ajabu sana. Haikuwa kweli.

#38 MwanaMsamvu

Wakuu, nimerudi. Nimefanya majaribio kama mlivyonielekeza.

Filta nimeitoa. Asubuhi mapema nimepiga yangeyange kwenye majaruba, lenzi kwenye 300, 1/1000, ISO 800, nukta moja, nimeegemeza kamera kwenye mfuko wa mchele juu ya ukuta. Nyingi zimekaza, nimeona hadi mstari wa mdomo. Nilipovuta 230 na f/8 zimekaza zaidi.

Mchana nimepiga mbuzi wa jirani ng'ambo ya barabara ya lami, umbali kama wa twiga, 1/2000, mfuko uleule. Hapa ndipo pagumu. Nimepiga mfululizo, mbuzi hajasogea, kamera haijasogea: nyingine safi, nyingine pembe zimepinda, nyingine ukungu mtupu.

Faili za asili zote hizi hapa, hazijapita WhatsApp.

#39 DerevaWaKaskazini

Pembe zimepinda! Mkono haupindi pembe. Hayo ni mazigazi, na hakuna gari hapo, ni lami tu. Fundi, karibu Arusha tunywe kahawa.

#40 FundiShata

Kahawa nitakuja kunywa, lakini kwa jaribio hili hajathibitisha lolote kuhusu Mikumi. Kati ya asubuhi na mchana amebadilisha saa, kasi, mnyama na ardhi kwa pamoja. Lami inachemka kuliko nyasi za Mkata. Arudie mchana palepale kwenye majaruba, tena kwa 1/250 na kwa 1/2000. Na picha ya simba ya asili nimeipakua sasa hivi: kila ncha ina kivuli chake upande wa kulia, kwa mstari mmoja. Huo ni mkono.

#41 NdegeWaPugu

Nami nimepakua ya pundamilia. Nyasi zimekaza vilevile. Inawezekana kabisa picha tatu zina magonjwa matatu.

#42 MzeeWaDarubini

Na mbuzi mmejiuliza kama kamera ilitafuta fokasi upya kila bonyezo? Ukiiacha kwenye fokasi endelevu kwa kitu kilichotulia, inaweza kuhangaika mbele nyuma, moja safi, moja ukungu. Kaza fokasi mara moja, hamia fokasi ya mkono ili isisogee, halafu piga mfululizo. Zikiendelea kubadilika, Dereva achukue ushindi wake. Zikitulia, ni fokasi.

#43 DerevaWaKaskazini

Mzee, na pembe zilizopinda?

#44 MzeeWaDarubini

Hilo sina jibu lake.

#45 MwanaMsamvu

Jumamosi nafanya yote mawili, la Fundi kwenye majaruba na la mzee kwa mbuzi. Lenzi kubwa nimeisogeza mbele, fedha hiyo kwanza nirudi Mikumi na nilale jirani na geti niingie saa kumi na mbili.

Wa hapa aliyeingia Mikumi karibuni, ndorobo wakoje msimu huu? Safari ile walituuma mpaka ndani ya gari.

#46 Lengai_88

Msivae bluu wala nyeusi, ndizo rangi zinazowavuta, hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa hivyo. Kaki na kijani kilichofifia ni salama zaidi. Begi la kamera nalo likiwa jeusi lifunike.

#47 BintiMwanza

Jamani, mimi sina kamera, nina simu na darubini ya marehemu babu. Kisiwa cha Saanane kipo hapa karibu, pimbi na mijusi ya mawe yenye kichwa chekundu wamejaa. Naweza kuanza na hivyo?

#48 MzeeWaDarubini

Unaweza, binti. Kunja vile vikombe vya mpira vya darubini, weka lenzi ya simu katikati ya tundu moja, sogeza taratibu mpaka duara jeusi litoweke. Egemeza darubini kwenye jiwe, usishike hewani. Tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Mijusi hao huota jua asubuhi, dume ndiye mwenye rangi kali, akishazoea kuwa umekaa hatakimbia. Ukishapiga zilete hapa, faili za asili.